Namba E kwenye Tope la Masika

Jumatatu, 16 Februari

Walimu wenzangu waliponiaga walinipa daftari hili, wakasema, "Mwalimu Leticia, sasa utapata muda wa kuandika maisha yako." Maisha yangu nayajua. Naandika kwa sababu leo nimegombana na Kelestini na sina darasa la kumalizia hasira.

Habari yenyewe ni fupi. Nimestaafu, kiinua mgongo kimeingia, na mimi na mume wangu tumekubaliana kununua gari moja, la kwanza na bila shaka la mwisho, kabla ya harusi ya binti yetu Agnella. Harusi ni tarehe 25 Aprili, huko Mbingu kwa wakwe. Makubaliano yaliishia hapo. Kelestini anataka pikapu ya kubebea mpunga. Mimi nataka gari dogo, zuri, la kukaa na kutulia.

Anasema najidai. Haya, najidai. Miaka thelathini na minne nimefundisha katika bonde hili, na kila nilikoalikwa nimefika na matope: kwenye ubatizo matope, kwenye misiba matope, kwenye picha ya mahafali nimesimama nyuma ya wanafunzi ili viatu visionekane. Mwezi uliopita tulipokwenda Mbingu kujitambulisha kwa wakwe, tulikwenda kwa bodaboda. Restituta, mama yake Jofrey, bwana harusi mtarajiwa, alinipokea na beseni la maji mbele ya wazee wote. "Karibu, mwalimu. Nawa miguu kwanza." Nyuma yake limeegeshwa gari lake jeupe, linang'aa. Nilinawa. Sijasahau.

Restituta: 2 kati ya 10. Kelestini: 4, kwa sababu alicheka.

Ijumaa, 20 Februari

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimeingia pamoja, kwa hiyo mimi nimefunga na dalali naye amefunga. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kudanganya sana.

Dalali ni Abdulswamad. Watu wao asili yao Pwani, lakini yeye kazaliwa hapahapa Mlabani na nilimfundisha darasa la nne. Hesabu hakuwa nazo. Maneno alikuwa nayo. "Shikamoo mwalimu wangu. Gari lako lipo, linakusubiri wewe tu."

Alikuwa nayo mawili. La kwanza ni pikapu, namba A, rangi ilikuwa nyeupe zamani, mlango wa kushoto umefungwa kwa waya. La pili ni gari dogo jeusi, vioo vyeusi, viti vya rangi ya maziwa, namba E.

Hapa kwetu gari haliulizwi umri, husomwa herufi ya namba yake. Namba A ni babu. B ni baba. C na D ni kaka zako wakubwa. E ndiyo kwanza imeshuka bandarini, na mtu mwenye namba E akipita, hata asiyejua kusoma anaisoma. Gari la Restituta ni namba E.

Nilikaa ndani ya lile jeusi. Abdulswamad akawasha kiyoyozi. Baridi ikanipiga magotini, taratibu, na nje jua la Ifakara linachoma watu wengine. Sitaki kudanganya kwenye daftari langu mwenyewe: nilifumba macho.

Jumamosi, 21 Februari

Nimemleta Kelestini alione. Amekuja na gambuti moja, kiatu chake cha mpira cha shambani, mkononi. Nikafikiri lingine limepotea.

Kumbe ni kipimo. Alilisimamisha gambuti chini ya pikapu, likapita limesimama, na nafasi ikabaki. Akaenda kwenye gari jeusi, akachuchumaa, akalisukuma. Likakwama kwenye kifundo cha mguu.

"Gambuti halipiti," akasema.

"Hatununui gari la kupitisha gambuti."

"Mama Agnella, gambuti lisipopita, gari halifiki Mbingu."

Kisha akaomba kadi ya gari na kuisoma yote, yeye ambaye barua za shule alikuwa ananipa mimi nimsomee. Akacheka peke yake. Kumbe gari lile limetengenezwa miaka kumi na tisa iliyopita, limeingia nchini mwaka jana. "Namba ni E, lakini hili ni zee lililobatizwa jana," akasema. Abdulswamad akaangalia pembeni.

Nimechukia kwa sababu ni kweli. Kelestini: 3.

Alhamisi, 26 Februari

Mvua.

Jumatatu, 2 Machi

Sala ya jumuiya ilikuwa kwetu. Wakati wa maombi Kelestini akainuka, akaombea familia yetu ipate hekima katika kuchagua chombo cha usafiri chenye manufaa. Nikainuka nami, nikaomba Mungu awakumbuke wanawake waliozeeka wakitembea kwenye matope. Jirani yetu Aneth akaombea amani katika ndoa za jumuiya. Wote wakaitikia kwa sauti kubwa mno.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua. Kelestini ameliacha gambuti lake mezani.

Jumamosi, 14 Machi

Kikao cha harusi kimefanyika kwetu. Wakwe walikuja kwa gari lao jeupe. Nilikwenda kuwapokea na macho yangu yakaenda kwenye namba kabla ya kwenda kwa Restituta. Akaniona nikisoma. Akatabasamu.

Katika mazungumzo akauliza, kwa upole tu, "Mkwe, siku hiyo mtafikaje? Nitume gari liwafuate?"

Kelestini akafungua mdomo. Mimi nikawahi. "Tutakuja na gari letu."

"Mna gari?"

"Namba E," nikasema.

Kelestini alifunga mdomo taratibu. Wakwe walipoondoka hakunifokea. Alisema tu, "Basi, maneno yamenunua gari." Kisha akaenda kuangalia mpunga wake kama maji hayajazidi. Naandika haya nikijua nimekosa. Lakini pia nikijua sitanawa miguu tena mbele ya wazee.

Leticia: 5.

Jumanne, 24 Machi

Idi imepita, Abdulswamad ameshiba, akili imemrudia na hakupunguza kitu. Gari jeusi ni letu.

Kelestini ndiye dereva, maana ndiye mwenye leseni, aliyoipata enzi za trekta la ushirika. Anaendesha amenyooka kama anavuta jembe nyuma. Tulizunguka mji mara mbili, watu wakageuka. Aneth alipunga mkono kwa gari bila kujua nani yumo, kwa sababu ya vioo vyeusi. Nilishusha kioo ili ajue.

Jumatano, 25 Machi

Gari halifiki nyumbani. Kuna dimbwi pale kona ya kwetu ambalo miaka yote nalipita kwa miguu bila kuliona kuwa ni kitu. Tumeliegesha kwa Abdulswamad, tulikolitoa.

Jumapili, 29 Machi

Jumapili ya Matawi. Nilitembea kwa miguu hadi kwa Abdulswamad nikiwa na matope, nikanawa bombani kwake, nikavaa viatu, nikapanda gari, nikapelekwa kanisani. Kelestini anasema safari ya miguu ilikuwa ndefu kuliko ya gari. Sikumjibu, ilikuwa sikukuu.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Nimeshuka mlangoni pa kanisa na kitenge changu cha bluu, viatu vyeupe, na kila kitu kikiwa rangi yake. Nimekaa benchi la mbele. Nimeimba kwa sauti. Nina miaka sitini na hii ndiyo Pasaka yangu ya kwanza kufika kanisani kama nilivyotoka nyumbani, au tuseme kama nilivyotoka kwa Abdulswamad. Nilifurahi. Mtu akisema ni majivuno, aseme.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua. Dimbwi la kona limepata vyura.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimekwenda kwa Abdulswamad kuangalia gari, nikamkuta Kelestini amekaa ndani, vioo vimepanda, kiyoyozi kinavuma. Anasema alikuwa anakagua betri. Viatu alikuwa amevivua, kavipanga nje ya mlango.

Alhamisi, 23 Aprili

Mvua siku mbili bila kupumzika. Kelestini ameulizia njia kwa madereva wanaotoka Mlimba. Wamemwambia kuna korongo kabla ya kufika Mbingu linapitisha maji juu ya barabara. Magari ya juu yanapita.

"Na ya chini?" nikamuuliza.

"Hawakuniambia. Walicheka tu."

Nikamwambia tumpigie Restituta atutumie gari. Hapana, naandika uongo. Nilitaka kumwambia hivyo, na sikumwambia.

Jumatatu, 27 Aprili

Jana sikuweza kuandika, mgongo. Leo naweza.

Jumamosi tulitoka Ifakara asubuhi. Mbele pikapu ya kukodi imebeba matarumbeta, watu saba na ngoma kubwa. Nyuma yake gari la juu la kukodi, ndani yake Agnella na wasimamizi wake. Nyuma kabisa sisi, gari jeusi limefungwa riboni, mimi nimekaa nyuma na kitenge cha dhahabu, kilemba, viatu nilivyovivaa mara moja tu dukani. Kelestini amevaa suti. Gambuti ameyaweka kwenye buti ya gari, akidhani sikumwona.

Kwenye korongo pikapu ikapita. Gari la Agnella likapita. Kelestini akasimamisha.

"Mama Agnella, maji yapo."

"Wenzetu wamepita."

"Wenzetu wana miguu mirefu."

"Binti yetu yuko ng'ambo, Baba Agnella."

Akavua koti la suti, akalikunja, akanipa nilishike, akaingia. Tulikwenda vizuri hadi katikati. Kisha nikasikia chini yangu kitu kinakwaruza, gari likapanda juu ya tuta la tope, likatulia. Magurudumu yakazunguka bure. Maji yalikuja hadi mlangoni na kuanza kuingia pole pole, yakifika kwenye viatu vyangu kama yanabisha hodi. Kelestini hakusema gambuti halipiti. Ningemsamehe kama angesema. Alizima gari, akageuka, akaniuliza, "Umeumia?"

Nililia. Mtu mzima, mwalimu mkuu mstaafu, nimelia ndani ya namba E katikati ya maji, kwa sababu mwanangu anaolewa, na mimi ndiye niliyechagua kutofika.

Matarumbeta ndio waliorudi. Kiongozi wao aliona tumekosekana, wakarudisha pikapu kinyumenyume mpaka ukingoni. Wanaume wawili wakaingia majini. Kelestini akanishika mkono hadi kwao na maji yakinifika magotini, wakanipandisha nyuma pamoja nao. Hapakuwa na pa kukaa. Wakanikalisha juu ya ile ngoma kubwa.

"Nenda," Kelestini akaniambia kutoka majini. "Mimi nabaki na mzee wetu." Alimaanisha gari.

Nikaenda. Upepo ulichukua kilemba changu karibu na Mbingu, nikaacha kiende. Na kule juu, naandika kwa sababu ni kweli, niliona mashamba yote ya mpunga pande zote mbili, na milima ya Udzungwa imejifunika mawingu, na watu wanatoka majumbani kutazama. Kwenye gari jeusi ningewaona kama vivuli. Tulipoingia uwanja wa kanisa vijana wakapuliza kwa nguvu zote, vigelegele vikapigwa, na mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Mama wa bibi harusi, kwa staili yake mwenyewe." Watu walidhani imepangwa. Agnella alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa, amegoma kuingia kabla sijafika. Aliponiona juu ya ngoma alicheka hadi wanja ukateremka.

Restituta alinivuta mkono hadi nyumba ya jirani. Akaleta beseni. Nikasimama tu, nikafikiri: haya, maliza. Lakini safari hii akachuchumaa mwenyewe akaninawisha, na huku akisema kama mtu anayehadithia mambo ya kawaida, "Mimi kwetu Uchindile, mwalimu. Marehemu mama alikuwa anasema mgeni ambaye hajanawa miguu bado yuko njiani, akinawa ndiyo amefika. Kila anayekuja kwangu namtolea maji. Hata paroko." Miezi mitatu nimehangaika na gari kwa ajili ya beseni ambalo hata paroko amenawia. Akanivalisha viatu vyake. Vilinibana, nikavivaa hadi mwisho.

Kelestini alifika wakati wa chakula, amevaa suti juu na gambuti chini, gari limevutwa na pawatila, kile kitrekta cha mkono cha kulimia. Linatembea, injini haikuguswa na maji. Lakini namba ya mbele haipo, imechukuliwa na korongo, na ya nyuma imepakwa tope lote. Hakuna mtu hata mmoja Mbingu aliyesoma E.

Wakati wa kuaga, Restituta aliniwekea kitu kwapani kimefungwa kwenye kanga. "Ufungue nyumbani." Nilifungua nyumbani. Ni ile namba. Wavuvi waliiona chini ya korongo wakampelekea, naye aliikunjua, akaiosha, na hakumwonyesha mtu.

Restituta: 10. Nimefuta mara mbili kuangalia kama naweza kutoa zaidi.

Jumanne, 5 Mei

Nimefikiri vya kutosha. Nimekwenda kwa Abdulswamad peke yangu. Pikapu ya namba A bado ipo, na waya wake. Nikamwambia tubadilishane. Akanitazama kama nimepata homa. "Mwalimu wangu, una uhakika?" Nina uhakika. Nimekaa juu ya ngoma, nimeona. Mume wangu ana mpunga shambani unaokaribia kuvunwa, na alikuwa sahihi tangu Februari. Kesho namwambia. Najua atafurahi.

Jumatano, 6 Mei

Hakufurahi.

"Pikapu ya nini?" akasema.

Nikadhani ananikomoa. "Ya mpunga wako. Gambuti linapita, ulipima mwenyewe."

"Mpunga utakuja kwa trekta la kukodi kama miaka yote. Gari halirudi."

Tumegombana mwanzo hadi mwisho, maneno yaleyale ya Februari, ila mimi nasema yake na yeye anasema yangu. Nimemwambia gari ni kazi. Ameniambia mtu lazima ajipende. Aneth alikuja kuomba chumvi, akasikiliza kidogo, akaondoka bila chumvi.

Alhamisi, 7 Mei

Mvua kidogo. Hatusemeshani.

Jumapili, 10 Mei

Baada ya misa nilimkuta analiosha gari. Nikamwambia: nipe sababu moja, kama mwanafunzi, sentensi kamili.

Akaendelea kufuta mlango. Kisha akasema, "Mwaka ule ulipopangiwa shule yako ya kwanza nilikupeleka kwa baiskeli. Mnyororo ukakatika, ukaanguka."

"Nakumbuka."

"Uliingia darasani gauni lina tope mgongo mzima. Nilirudi nyumbani mbio kukuletea kanga. Nilipofika nikakuona dirishani. Siku nzima hukuwageuzia watoto mgongo. Ulikuwa unaandika ubaoni mkono umeupeleka nyuma, unawatazama wao. Mstari ulikuwa umepinda, lakini ulisomeka."

Nikamuuliza kwa nini hakuingia na kanga.

"Niliona aibu. Mimi ndiye niliyekuangusha." Akakamua kitambaa. "Wewe ulimnunulia Restituta gari. Mimi nilipolipanda nikaona ni lako. Halirudi kwa Abdulswamad."

Miaka thelathini na tano nimelala pembeni ya mtu huyu na sikujua kuwa alikuwa dirishani. Nilichukua kitambaa kingine nikaanza upande wa pili. Nampenda, na nimemwambia. Ameniambia nisisahau kufuta chini ya bampa.

Alhamisi, 14 Mei

Jua. Dimbwi la kona linapungua.

Jumamosi, 23 Mei

Jua. Gari limelala nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza. Vyura wamehama.

Jumamosi, 6 Juni

Trekta la kukodi lilileta mpunga wote jana isipokuwa magunia matatu yaliyobaki shambani. Barabara imekauka. Kelestini akasema, "Twende tukayachukue na gari lako." Nikacheka, kisha nikaona hatanii.

Mawili yaliingia kwenye buti. La tatu hakutaka kuliacha. Akataka kuliweka nyuma pamoja nami, nikamwambia sikai na makapi, nimevaa kitenge cha dhahabu kwa makusudi. Basi tukalikalisha mbele, kiti cha abiria. Gari likaanza kulia pii, pii, pii. Tukafunga mlango upya, likalia. Kelestini akafikiri, akavuta mkanda, akalifunga gunia kifuani. Likanyamaza. Akaliwekea na kofia yake juu, maana yeye alisikia joto, kisha akakumbuka kiyoyozi, akakiwasha. Tukaondoka hivyo, gunia mbele limekaa wima, mimi nyuma miguu safi.

Hakugeukia nyumbani, alitaka tufike kwa wakwe barabara ikiwa kavu, na pale Mbingu sokoni tulimkuta Restituta kando ya barabara. Kelestini akasimama, akashusha kioo cha upande wa gunia kidogo tu. Restituta aliinama, akaona kofia na mabega mapana, akadhani tumebeba mzee wa ukoo ambaye hakuwahi kutambulishwa kwake. Akashika magoti, akasema kwa heshima yote, "Shikamoo baba."

Mimi nyuma nikaziba mdomo kwa kitenge, kicheko kisitoke. Kelestini, bila kugeuka, akaitikia kwa sauti nzito, "Marahaba, mwanangu. Niletee maji, ninawe miguu."